Marafa: bonde la rangi na lawama ya maziwa

Wiki hii tunatoka kidogo hapa Kivu, tunakwenda upande wa bahari. Ni matembezi ya kwenye karatasi, maana nauli ya kufika kule hakuna likelemba yetu inayoweza kuitoa leo. Lakini ni mahali tunapopapenda kwa kufundishia, na kila tukipataja darasani watoto wanauliza maswali ambayo sisi wakubwa tunayakwepa.

Kwenye pwani ya Kenya kuna mji wa Malindi. Ukiuacha mji na kuingia ndani ya nchi, mwendo wa kilomita zaidi ya 30, unafika kijiji cha Marafa, kwa Wagiriama. Njiani ni nchi tambarare: mahindi, miembe, mbuzi, nyumba za udongo. Hakuna kinachokuambia kwamba kuna kitu mbele. Kisha ardhi inakatika ghafula, na chini yake unaona kuta na nguzo za mchanga, nyembamba juu na pana chini, zimesimama nyingi pamoja kama watu kwenye soko. Rangi zake ndizo zinazofanya watu wanyamaze. Kuna nyekundu ya tofali lililoiva, kuna rangi ya chungwa, kuna waridi, kuna njano, na kuna nyeupe kama unga wa muhogo ulioanikwa. Jua likianza kushuka rangi hizo zinakolea, na ndiyo sababu wageni wanapelekwa jioni. Sababu ya pili ni joto. Saa sita mchana kule chini ni kama ndani ya jiko, na wageni wamepaita hivyo hivyo, Jiko la Jehanamu. Wenyeji wana jina lao: Nyari, yaani mahali palipobomoka penyewe.

Wanakijiji ndio wanaopasimamia. Mgeni analipa kiingilio, na vijana wa pale pale wanamteremsha kwa njia wanayoijua. Hilo tulitaka mlisikie, kwa sababu kwetu pahali pazuri pakijulikana, kwanza anafika mtu wa mbali na karatasi yake ya umiliki.

Sasa rangi. Watoto wanauliza nani alizipaka. Jibu liko kwenye msumari uliosahaulika nje wakati wa mvua. Chuma kikikutana na maji na hewa kinashika kutu, na kutu ni nyekundu. Ndani ya mchanga na udongo kuna chuma kidogo kidogo, na chenyewe kinashika kutu hivyo hivyo. Kikikauka vizuri kinatoa wekundu. Kikishikamana na maji kinaelekea njano na hudhurungi. Pale ambapo maji yamepita muda mrefu na kukichukua chuma chote, panabaki peupe. Basi ukuta wa Marafa ni kama daftari la maji: wapi yalikaa, wapi yalipita, wapi yalibeba.

(Hapa tuseme neno kwa wenye mimba, kwani tunajua linalokuja. Mama mmoja atasema: kama udongo mwekundu una chuma, basi ninapotafuna udongo ninaongeza damu. Hapana. Chuma cha udongo mwili haukipati vizuri, na udongo wenyewe unaweza kuzuia kile kinachotoka kwenye chakula. Pemba nyeupe nayo ni hivyo, na udongo mwingine una mayai ya minyoo au madini ya sumu kama risasi. Damu tuitafute kwenye lengalenga, maharagi na sambaza, na kwenye vidonge wanavyotoa kwenye kliniki ya wajawazito.)

Na nani alichimba shimo lenyewe? Mvua, na upepo ukiisaidia. Mchanga ule ulilala tabaka juu ya tabaka kwa muda mrefu sana, ukagandamana lakini haukuwa jiwe gumu. Ukiusugua kwa kidole unamomonyoka. Tone la mvua linaondoa punje, matone yakikutana yanafanya mfereji, mfereji unakuwa korongo, na ukingo wa korongo ukikatwa chini unaanguka na kurudi nyuma. Kazi hiyo haijaisha. Kila msimu wa mvua Marafa inazidi kuliwa.

Hayo ni maelezo ya shule. Wenyeji wana simulizi zao, na ndizo zilizotufanya tuandike ukurasa huu. Moja inasema hapo paliishi jamaa tajiri wa ng'ombe, matajiri hata wakawa wanaoga maziwa huku wengine hawana ya kumpa mtoto. Mungu alikasirika, akaizamisha nyumba yao yote ndani ya ardhi. Weupe wa kuta ni yale maziwa, wekundu ni damu yao. Nyingine husimulia kwamba kijiji kizima kilionywa na Mungu kihame, watu wakahama, isipokuwa bibi mzee mmoja aliyekataa kusadiki. Ardhi ikapasuka naye.

Ni hadithi nzuri za kuwapa watoto usiku. Ile ya maziwa tunaipenda: inamfundisha mtoto kwamba chakula si cha kuchezea. Lakini tuziangalie vizuri. Katika zote mbili ardhi imeanguka, na mtu amepatikana wa kulaumiwa. Mara ya kwanza ni jamaa nzima, mara ya pili ni mwanamke mzee.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Mwezi wa tano mwaka 2023, kule Kalehe, mito ilijaa, matope na mawe yakateremka mlimani, yakapita juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Kati yao kulikuwa na wamama waliokwenda sokoni kuuza. Nani kati yao alioga maziwa? Wengine hata ng'ombe hawakuwa naye. Na bado, kila mara mlima unapoteremka, kila mara nyumba inapoingia kwenye korongo, tunasikia maneno yale yale mtaani: wana dhambi, wamerogwa, kuna mzee pale ambaye macho yake si mazuri. Tunajua maneno hayo yanaishia wapi. Kuna bibi zetu waliofukuzwa kwenye nyumba zao, na kuna waliopata mabaya zaidi ya kufukuzwa.

Sisi tunasema wazi: mvua haimwulizi mtu maisha yake. Inauliza mteremko una ukali gani, udongo ni laini kiasi gani, na kama kuna majani na mizizi ya kuushika. Tofauti ya Marafa na korongo letu la nyuma ya avenyu ni kwamba kwetu watu wanalala ukingoni kabisa. Ndiyo maana lao linapigwa picha, na letu linaua.

Tena sisi tunaisaidia mvua bila kujua. Hebu hesabu na mtoto wa darasa la tano. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mabati ya mita za mraba 40, ikinyeshewa milimita 30, inamwaga lita 1,200. Hayo ni mabidoni 60 ya lita 20, nayo yote yanaangukia mstari mmoja chini ya ukingo wa bati, kisha yanateremka kwa jirani wa chini. Zidisha kwa nyumba zote za mlima. Mfereji mdogo wa kuyakusanya maji hadi kwenye pipa unatuokolea safari ya bomba, na unamwokolea jirani ukuta wake. Takataka tunazotupa korongoni haziuzibi mmomonyoko kama wengine wanavyodai. Zinaziba njia ya maji, na maji yanajitafutia nyingine. Kwenye mteremko, matete na mianzi vinashika udongo kuliko migomba, ambayo mizizi yake haiendi chini sana. Kikundi kinaweza kupanda ukingo mmoja kwa siku moja ya salongo.

Na kuna alama za kuangalia, hasa baada ya siku kadhaa za mvua: ufa mpya kwenye udongo juu ya nyumba, mlango uliokuwa unafunga vizuri na leo unakataa, miti au nguzo za umeme zilizoinama upande mmoja, chemchemi iliyokuwa safi ikitoa matope. Mama akiona moja kati ya hizo asingoje asubuhi. Atoe watoto, apige kelele kwa majirani, wamwarifu shefu wa avenyu. Na watoto wanaochimba mchanga wa kuuza chini ya kuta za korongo watolewe leo, hata kama sio wetu. Mchanga laini hauna onyo: ukuta uliokatwa chini unashuka wote mara moja.

Kwa wale ambao watoto wao watataka kuziona rangi za Marafa, kuna njia ya hapa hapa. Chukueni chupa ya plastiki inayopitisha mwanga. Jazeni theluthi moja kwa udongo wa sehemu mbalimbali, mwekundu wa kilima, mweusi wa shamba, mchanga wa mtoni, ongezeni maji, tikiseni, kisha iwekwe pasipoguswa hadi kesho. Mchanga utalala kwanza, udongo laini juu yake, na tabaka zitaonekana. Halafu mtoboe tundu dogo pembeni, maji yatoke, na mtoto aeleze mwenyewe ni upande gani ulianguka kwanza na kwa nini.