Windows 10 bila msaada: antivirusi peke yake haitoshi kulinda kompyuta ya nyumbani

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani imesimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo: zinawaka na kufungua intaneti kama zamani. Lakini tundu lolote la usalama linalovumbuliwa tangu hapo halizibwi tena, isipokuwa kwa mtu aliyejiandikisha kwa muda wa nyongeza.

Jambo hili linawagusa wakaaji wa mashariki mwa Congo. Mjini Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo, familia nyingi hununua kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 ao zaidi. Mashine nyingi zilizotengenezwa mbele ya mwaka 2018 zinabaki inje. Ndipo wenye nazo wanatafuta antivirusi ya kununua, wakiamini kwamba hiyo itatosha.

Mlinzi na ukuta

Antivirusi ni kama mlinzi wa lupango. Anawatambua wezi wanaojulikana na kuwazuia mlangoni. Lakini ukuta wa nyuma ukibomoka, mlinzi anaweza kukaa mlangoni usiku kucha na mwizi akaingia bila kuonekana.

Mwezi wa tano 2017, virusi vya WannaCry vilionyesha jambo hilo. Vilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200 000 katika inchi karibu 150 na kudai feza ili vifungue. Havikungoja mtu abonyeze kitu: vilipita katika tundu la Windows, toka mashine moja hadi nyingine. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo miezi miwili mbele. Waliopigwa ni wale ambao mashine zao hazikuipokea.

Kwa hiyo swali la kwanza si jina la antivirusi, bali kama Windows yenyewe inapokea marekebisho. Muda wa nyongeza kwa Windows 10 unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Inje ya Ulaya, mtu anaweza kuupata kwa dola 30, ao bila kulipa, kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Sharti mashine iwe na toleo la 22H2.

Mlinzi ambaye yuko tayari

Wengi wanalipia kitu ambacho wako nacho. Microsoft Defender imo ndani ya Windows, bila malipo, na AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima antivirusi, imeipa mara nyingi alama za juu kabisa. Microsoft imeahidi kuendelea kuifundisha virusi vipya kwenye Windows 10 hadi mwezi wa kumi 2028. Yaani mlinzi atabaki kazini hata ukuta ukiacha kutengenezwa.

Mwenye kutaka nyingine ajue kwamba antivirusi inaona kila faili la nyumba. Mwezi wa pili 2024, tume ya biashara ya Marekani ilidai kampuni ya Avast dola milioni 16,5, kwa kuwa ilikusanya na kuuza habari za kurasa ambazo wateja wake walifungua. Mwaka huohuo, serikali ya Marekani ilikataza Kaspersky ya Urusi kuuza kwake na, tangu tarehe 29 Septemba, kutuma marekebisho huko. Kampuni ilikanusha kwamba ni hatari, lakini wateja walipaswa kubadilisha.

Antivirusi mbaya kuliko zote ni ile iliyovunjwa kufuli na kugawanywa kwa flashi. Mara nyingi, ili iingie, mtu anaambiwa kwanza azime ulinzi wote. Hapo amefungulia mlango yule ambaye alitaka kumfungia.

Mega na flashi

Bei ya mega inawasukuma watu wengi kuzima marekebisho. Lakini antivirusi isiyopokea habari mpya haijui wezi wapya. Faili la kuihuisha Defender linaweza kupakuliwa mahali penye intaneti ya bei nafuu, kisha kuletwa nyumbani kwa flashi. Flashi hiyo nayo ipimwe kwanza, zaidi sana ikiwa imepita kwenye kompyuta za kuchapia na kutoa fotokopi.

Kwa familia yenye dola chache, mpango ni huu: kwanza marekebisho ya Windows, pili nakala ya picha na karatasi muhimu kwenye diski isiyobaki imechomekwa, tatu mega za kuihuisha Defender. Antivirusi ya kulipa inakuja nyuma ya hayo. Na mbele ya Oktoba 2026, mwenye mashine isiyopokea Windows 11 ajaribu Linux, ambayo ni ya bure, ao aanze kuweka akiba ya mashine nyingine.