Binti shujaa asiishie kwenye simu

Wazazi wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, watoto wetu wakishika simu siku hizi hawaangalii mashujaa wa kiume peke yao. Wapo wanaofuatilia Super Sema, katuni ya Kiafrika iliyoanza kuonyeshwa YouTube mwaka 2021. Sema ni msichana wa kijijini anayepambana na roboti katili, Tobor, kwa sayansi na ubunifu, akisaidiana na pacha wake wa kiume, MB.

Mashujaa wa kike si wageni kwetu. Simulizi mojawapo ya kale inasema Nyabingi alikuwa malkia wa Karagwe. Baada ya kifo chake, watu wa mpakani mwa Uganda na Rwanda waliendelea kulitaja jina lake walipopinga wakoloni. Mwanamke mmoja aliyewaongoza, Muhumuza, alifungwa na Wajerumani Bukoba. Alipotoka alikusanya wapiganaji, hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911. Jina la Nyabingi lilifika hata Jamaika, kwenye ngoma za Warasta.

Sasa tujiulize: binti akiweka simu chini, anakutana na nini? Anaambiwa, "Wewe msichana, nyamaza," kisha anaosha vyombo huku kaka yake akimalizia katuni. Kesho yake, akitoka shule, mwenye bodaboda anampa lifti na hela ya chipsi. Hapo anatakiwa kusema "hapana" kwa sauti. Kama nyumbani neno hilo humletea kofi, njiani atalitoa wapi?

Fanya haya:

Tazama naye. Muulize: shujaa aliijuaje hatari? Alimwambia nani?

Gawa kazi. Maji na vyombo viwe kwa zamu, wa kike na wa kiume. Hata MB husaidia.

Msikilize. Akikuletea jambo la aibu, usianze na "Ulifuata nini kule?" Swali hilo likimfunga mdomo leo, kesho hatakuambia tena. Mwache amalize, mwambie hana kosa, kisha mpeleke polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Yule binti wa katuni anaitwa Sema. Wako naye akisema, awepo wa kumsikia.

Tukutane wiki ijayo.