Kabla hujalipia darasa la pombe kwenye simu, muulize aliyekutuma

Ijumaa mchana, Biryogo, Nyamirambo. Katika ule mtaa uliofungwa magari na kupakwa rangi, dereva mmoja wa lori, mtu wa kunizidi miaka ishirini, alinisogezea simu yake juu ya meza ya chai. "Mdogo wangu, wewe umesoma chuo kikuu. Hebu niangalizie, hiki cheti kina kasoro gani?"

Kilikuwa cheti kizuri. Kilikuwa na jina lake kamili, tarehe, muhuri wa rangi ya dhahabu, na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba amehitimu darasa la uelewa wa pombe na dawa za kulevya. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliyekitaka alikuwa amekikataa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Asubuhi moja, akiwa njiani kuelekea Rusumo, mzee huyu alisimamishwa na kupulizishwa kipimo cha pombe. Yeye aliamini yuko sawa, kwa kuwa alikunywa usiku na akalala. Kipimo kilisema vinginevyo. Baada ya adhabu ya barabarani ikaja ya kazini: barua ya mistari mitatu iliyosema hatarudi kwenye usukani mpaka alete cheti cha darasa la uelewa. Barua haikusema darasa la wapi, la saa ngapi, kwa lugha gani, wala nani atalipa.

Akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Aliingia kwenye simu, akachagua darasa la kwanza lililotokea, mpwa wake akamlipia kwa kadi, kwa dola. Masomo na maswali yote yalikuwa kwa Kiingereza. Yeye anazungumza Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kidogo, kwa hiyo binti yake wa sekondari akakaa kando yake na kujibu. Jioni hiyo hiyo cheti kikatoka. "Aliyehitimu ni binti," aliniambia huku akicheka bila furaha. "Mimi nilikuwa nashika chaja."

Ofisini wakamwambia saa nne za darasa hazitoshi, taasisi haijulikani, na wao walitaka pawe na mshauri nasaha. Wakati huo wiki tatu zilikuwa zimepita bila safari. Mama aliyemtegemea kumletea mchele kutoka Kahama alikuwa ameshapata dereva mwingine. Pesa ya darasa haikurudi.

Ninaandika kisa hiki katika ukurasa unaosomwa na wafanyabiashara wa mipakani kwa sababu ninaamini si cha mtu mmoja. Wengi wenu mna madereva, matandiboi, vijana wa ghala na ndugu wanaosafiri na mizigo yenu. Siku moja mmoja wao ataletewa barua kama ile, na swali la cheti gani kinakubalika litakuwa swali la mzigo wako kufika au kutofika.

Tuanze na asili ya madarasa haya. Nchini Marekani ni jambo la kawaida kwa mahakama, maofisa wanaosimamia waliohukumiwa kifungo cha nje, waajiri na shule kumtuma mtu aliyekosea mara ya kwanza kusoma darasa la pombe na dawa za kulevya. Madarasa huuzwa kwa saa: manne, manane, kumi na mawili, hata kumi na sita. Mtumaji ndiye anayeamua idadi ya saa, na ndiye anayeamua kama darasa la mtandaoni linatosha. Huko kwenyewe, jimbo moja hukubali kile ambacho jingine hukataa. Ndiyo maana watoa huduma waaminifu humwambia mteja mapema athibitishe na aliyemtuma kabla ya kulipa. Mzee wetu alinunua bidhaa iliyotengenezwa kwa soko jingine, akaileta kwenye forodha ambayo haikuwa na jina lake kwenye orodha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze na simu, anza na barua. Rudi kwa aliyekutuma, umwombe akuandikie majibu ya maswali matano. Darasa la mtandaoni linakubalika? Linatakiwa liwe la saa ngapi? Kuna taasisi mnazozitambua? Linatakiwa darasa tu, au pia tathmini ya mtaalamu? Na mwisho wa kuleta cheti ni lini? Akikujibu kwa mdomo, mwombe aandike, hata kwa ujumbe wa simu. Mfanyabiashara anajua tofauti ya ahadi ya mdomo na karatasi inapofika zamu ya kukagua mzigo.

Ukishapata majibu, ndipo uangalie darasa lenyewe. Liwe na jina la anayelifundisha na taaluma yake. Liwe kwa lugha unayoielewa, maana mtihani anaofanyiwa mtu na mwanawe hautamsaidia alfajiri akiwa peke yake barabarani. Uliza bei yote kabla ya kulipa, kwa sababu yapo masomo ya bure ambayo cheti chake ndicho kinachouzwa. Uliza kama pesa hurudishwa cheti kikikataliwa. Hakikisha cheti kina namba ambayo mwajiri anaweza kuihakiki mwenyewe, na kinaonyesha saa ulizosoma. Na soma wanachosema kuhusu siri zako, kwani utakuwa unaeleza unakunywa nini na kiasi gani.

Na ukikuta darasa linaloahidi cheti ndani ya dakika chache, kimbia. Hiyo ni karatasi tu.

Hapa wapo watakaosema kwamba dawa ni kuachana kabisa na madarasa ya simu, mtu aende akakae mbele ya mwalimu. Siwakatalii kwamba ana kwa ana kuna faida yake. Lakini dereva wa Kigali hadi Dar es Salaam yuko kwenye barabara ya karibu kilomita 1,500 kila upande. Ukimwambia aje darasani kila Jumanne kwa wiki nane, umemwambia aache kazi. Simu anayo, na anayo saa nyingi za kusubiri kwenye foleni ya mpakani. Darasa la simu linamfaa mtu wa namna hii kuliko mtu yeyote, ilimradi liwe darasa kweli.

Darasa kweli ni lipi? Chukua mfano wa kosa la mzee wetu. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 28 za pombe halisi. Ini la mtu huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja, basi, ni kazi ya saa tatu hadi nne. Aliyekunywa nne jioni na kulala saa sita usiku, saa kumi na moja alfajiri anaposhika usukani bado ana pombe mwilini, hata kama anajisikia mzima. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi, wala supu. Hesabu hii haihitaji cheti cha dola. Inahitaji mtu wa kukueleza kwa lugha yako.

Darasa la kweli kwa watu wa mpakani lingefundisha pia sheria, kwa sababu kinywaji na majani hubadilika jina na hadhi yakivuka mto. Miraa inalimwa na kuuzwa kihalali Meru, Kenya. Ikivuka kuingia Tanzania inaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, wakati Uganda ilikuwa bado inaiuza. Sheria ya pombe ya Kenya ya mwaka 2010 ilifungua mlango kwa chang'aa iliyotengenezwa kwa viwango na kutiwa kwenye chupa, lakini kanyanga, ambayo ni ndugu yake wa damu, hapa Rwanda imo kwenye orodha ya dawa za kulevya. Tandiboi anayedhani kwamba kilicho halali alikopakilia ni halali anakoshushia anaweza kuponza lori zima. Darasa lililoandikwa kwa ajili ya mtu wa Texas halitamwambia hayo.

Kuna jambo la uzito zaidi. Darasa la uelewa linaelimisha, halitibu. Linamfaa aliyeteleza. Aliyezama anahitaji kitu kingine. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10, liitwalo AUDIT, ambalo humsaidia mhudumu wa afya kujua mtu yuko wapi kati ya hayo mawili: anakunywa mara ngapi, kiasi gani, ameshindwa kuacha akishaanza, anahitaji glasi ya asubuhi ili mikono itulie. Ukijikuta unajibu ndiyo kwa maswali ya mwisho, usipoteze pesa kununua darasa. Nenda kituo cha afya. Na usiache ghafla peke yako ukiwa umezoea kunywa kila siku kwa wingi, kwa sababu mwili unaweza kuitikia kwa degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hali hiyo. Kuacha kwa namna hiyo kunataka usimamizi wa daktari.

Msaada upo. Rwanda ina hospitali ya Ndera, kituo cha Isange cha Huye, na vituo vya afya vinavyoweza kukupeleka huko. Namba ya simu ya bure ya afya ni 114. Kenya, mamlaka ya NACADA ina namba 1192. Tanzania imekuwa ikitoa methadone Muhimbili tangu 2011 kwa waliozama kwenye heroini, na Zanzibar ina nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Hawa wote wana ujuzi. Walichokosa ni kuunganishwa.

Na hapo ndipo ninapowageukia wakubwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara mdogo akibeba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anapata cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani, na nchi ya pili inakiheshimu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, inazungumzia kutambuliana sifa za elimu na taaluma. Tumeweza kukubaliana juu ya karatasi ya gunia la maharage. Tunashindwaje kukubaliana juu ya karatasi ya mtu anayeliendesha gunia hilo?

Ninapendekeza darasa moja la Kiswahili, la kwenye simu, lenye saa zinazojulikana na mtihani unaofanywa na mhusika mwenyewe mbele ya mshauri, hata kama mshauri huyo ataonekana kwa kamera. Liandikwe na wataalamu wa Ndera, Muhimbili, Butabika na wenzao wa Nairobi, Bukavu na Bujumbura. Mamlaka ya Ushoroba wa Kaskazini iliyoko Mombasa na Wakala wa Ushoroba wa Kati ulioko Dar es Salaam ndio wanaojua madereva wanalala wapi, basi walisambaze huko. Shirika la North Star Alliance limeonyesha kwamba hata kontena la kando ya barabara linaweza kuwa kliniki ya madereva. Linaweza pia kuwa chumba cha mtihani. Cheti chake kikitolewa Malaba kikubalike Rusumo na Goma.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Nyamirambo wamekizungumza kabla hata ya wengi wetu kuzaliwa. Tumekitumia kuuza vitambaa, kubishana bei na kushangilia mpira. Tukitumie sasa kumweleza dereva kinachotokea ndani ya damu yake.

Lakini wakubwa wakisubiriwa, barua zinaendelea kuandikwa. Kwa hiyo wewe mwenye lori, unapomtuma mtu darasani, andika kwa ukamilifu: taasisi, saa, lugha, mwisho, na nani analipa. Barua ya mistari mitatu inamtupa mfanyakazi wako sokoni bila orodha, halafu unamlaumu kwa alichonunua. Na kama ni mtu unayetaka arudi kazini, lipa wewe. Ni nafuu kuliko lori bondeni.

Mzee wa Biryogo alirudi ofisini, akaomba waandike wanachotaka, wakaandika. Akatafuta mshauri nasaha, wakakaa vikao kadhaa kwa Kinyarwanda na Kiswahili, akapata karatasi isiyo na muhuri wa dhahabu, ikakubaliwa. Nilipomuuliza amejifunza nini, hakunitajia ini wala gramu. Alisema sasa akiwa na safari ya alfajiri, jioni anakunywa chai. Kisha akaita mhudumu atuongezee chapati, na akalipa yeye.