UFUNDI KIJIJINI: Msumari si fyuzi

Tuchukue taa ya betri ya volti 12, inayochajiwa kwa jua.

Volti ni nguvu inayosukuma umeme. Ukinzani huuzuia; kipimo chake ni omu. Gawa volti kwa omu, utapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita.

Balbu ina omu 24. 12 ÷ 24 = ½. Nusu ampea tu.

Sasa nyaya mbili zilizochunika zimegusana. Umeme haupiti tena kwenye balbu. Ukinzani umebaki nusu omu. 12 ÷ ½ = 24. Ampea 24! Waya mwembamba utashika moto, na paa ni la nyasi.

Fyuzi ya ampea 5 ingekatika mapema. Wengine huweka msumari mahali pake. Msumari haukatiki! Tenganisha nyaya kwanza, ndipo uweke fyuzi mpya ya ampea 5.