NDIYO ILIYOSEMWA MAHAKAMANI

Mtu akisimama kizimbani Mbulu au Katesh akasema "ndiyo", neno hilo moja linaweza kumla ng'ombe wake wote, au kumweka gerezani miaka. Ndiyo maana juma hili hatuandiki juu ya bei ya vitunguu saumu wala ya ngano. Twataka kuandika juu ya ndugu zetu waliokiri kosa, kisha wakaja kutambua wakiwa wamekwisha kufungwa au kutozwa faini kwamba hawakujua walichokiri.

Tangu mwaka 2019 sheria ya nchi yetu inaruhusu mshtakiwa na mwendesha mashtaka wakae chini, wapatane, mshtakiwa akiri, naye apunguziwe shtaka au adhabu. Bunge liliongeza vifungu 194A hadi 194H katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai. Kanuni zake zikatoka mwaka 2021. Sisi hatuchukii jambo hili. Kesi zinazokaa miaka mahakamani huwala watu, na aliyekosa kweli akitaka kuungama, amlipe aliyemkosea na arudi shambani kwake, nani atamzuia?

Lakini tukumbuke jambo lilianzaje. Mwezi wa Septemba 2019 Rais John Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kukiri na kurudisha fedha, zikaongezwa saba nyingine. Wengi wao walikuwa rumande kwa mashtaka yasiyo na dhamana. Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akatoka Februari 2020 baada ya kukiri na kukubali kulipa mamilioni ya shilingi. Katika mwaka huo huo wa 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha kunyima dhamana kinapingana na Katiba, na mwezi wa Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Twauliza tu: mtu aliye ndani, asiyeweza kupewa dhamana, asiyejua kesi yake itasikilizwa lini, akiambiwa "kiri uende nyumbani", hiari yake iko wapi? Huyo atatia sahihi hata kwenye karatasi tupu.

Hao ni watu wa mjini, wenye mawakili na magazeti ya kuwasemea. Sasa tuje kwetu.

Katika wilaya hizi mbili watu husema Kiiraqw, Kibarabaig, Kihadza, Kinyiramba, Kinyaturu. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama, nasi tulifurahi, maana Kiingereza cha mahakamani kilikuwa ukuta. Lakini Kiswahili cha hati ya mashtaka si Kiswahili cha mnadani. Mchukue mwindaji wa Yaeda Chini, ambaye maisha yake ni upinde na mshale, umsomee kwamba "alipatikana na nyara za Serikali". Kisha umwulize: nyama hii ilikuwa yako? Atajibu ndiyo, ilikuwa yangu. Amekiri nini hapo? Amekiri kuwa na nyama. Hajaulizwa kama alikuwa na kibali, wala hajaelezwa kwamba kesi ya namna hiyo ni ya uhujumu uchumi. Tena sheria inasema nyara za thamani inayozidi shilingi milioni 20 hazipatanwi bila ridhaa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na kwa hesabu za mahakamani twiga mmoja tu hupita kiasi hicho.

Au mchukue mchungaji wa Kibarabaig aliyeshtakiwa kuingia kwa jinai katika shamba la mtu. Uliingiza ng'ombe? Niliingiza. Lakini jinai ya kuingia huhitaji nia mbaya, na mtu aliyeamini kwa moyo safi kwamba njia ile ni ya babu zake ana utetezi. Hanang inalijua jambo hili kuliko wilaya nyingine yoyote. Mashamba ya ngano ya NAFCO yalichukua karibu eka 100,000 za malisho ya Basotu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980, kwa sababu mojawapo kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria! Wazee wa Basotu wenye makaburi ya baba zao pale pale. Mwaka 1993 ilibidi iundwe tume ya Jaji Kisanga ichunguze mateso waliyoyapata watu katika mashamba hayo. Mwenye historia hiyo akisema "niliingia", hakimu hana budi kuuliza swali la pili.

Basi je, aliyekwisha kukiri amefungiwa mlango? Wengi huambiwa hivyo, hata na watu waliovaa tai. Si kweli. Ni kweli kwamba aliyekiri hakati rufaa ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Lakini mwaka 1983, katika kesi ya Laurence Mpinga, Mahakama Kuu ilieleza kwamba hatia yenyewe inaweza kupingwa ikiwa kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika. Ikiwa mtu alikiri kwa kukosea au kutoelewa. Ikiwa shtaka halionyeshi kosa lolote linalojulikana na sheria. Au ikiwa kwa maelezo aliyoyakubali hakuweza kutiwa hatiani kwa kosa lile. Mwindaji wetu na mchungaji wetu wote wamo humo. Na kabla ya hapo, mwaka 1973, kesi ya Adan ilikwisha kuagiza kwamba shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, na maelezo ya kosa yasomwe naye aulizwe kama anayakubali.

Aliyetia sahihi makubaliano naye ana njia yake. Anaweza kurudi katika mahakama ile ile iliyompa adhabu, akaiomba itengue hatia kwa kuwa hakukubali kwa hiari au alidanganywa. Lakini asidhani kutenguliwa ni kuachiwa huru. Kesi huweza kuanza upya, naye akarudi kizimbani, pengine na rumande. Apime kwanza, pamoja na mtu anayejua sheria.

Sisi twadai haya. Mkalimani wa Kiiraqw, Kibarabaig au Kihadza aapishwe na jina lake liandikwe katika mwenendo wa kesi. Asiwe polisi aliyemkamata mtu wala karani aliyeokotwa ukumbini. Makubaliano yasitiwe sahihi na mtu asiye na wakili, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, na hakimu anaweza kuagiza mtu apewe wakili bure. Na nakala ya makubaliano apewe mwenyewe mkononi, siku ile ile.

Kwa wale ambao ndugu zao wako ndani sasa: anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya mwenendo na hukumu. Aliye gerezani hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Siku zikiwa zimepita, Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kwa sababu ya msingi, na rufaa za kwetu sasa husikilizwa Babati, si lazima tena kupanda basi la Arusha.