USIMEZE SOMO KABLA YA KULITAFUNA

Ndugu Wafanyakazi,

Kwetu Banissa, upande wa Mandera, hakuna reli, kuna ngamia. Mzee wa kwetu anunuapo ngamia hanunui maneno ya muuzaji. Humfunua kinywa atazame meno apate kujua umri, humpigisha magoti na kumwinua, humtembeza, kisha huuliza, "Mbona unamwuza?"

Mimi katika shule ya misheni, mbali na nyumbani, nalizoea namna nyingine. Mwalimu alisema, sisi tukaitikia, na aliyeitikia vizuri alipata alama. Tabia ile nikaingia nayo katika kazi ya reli.

Tulipojifunza breki za upepo tuliambiwa hivi: upepo ukitoka katika bomba, breki hushika. Ni kweli. Kila behewa lina tangi lake, na bomba likipasuka, upepo wa tangi ndio unaosukuma breki. George Westinghouse, Mmarekani, alibuni breki ya namna hii mwaka 1872, nayo imeokoa watu wengi. Niliandika, nikapata alama. Lakini mzee wa ngamia angeuliza: na upepo wa tangi ukivuja wote, magurudumu yatashikwa na nini? Hapo zimebaki breki za mkono tu.

Swali hilo si la kujionyesha. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, huko Lac-Mégantic, Kanada, garimoshi lenye mabehewa 72 ya mafuta liliachwa mteremkoni bila mtu. Injini ilishika moto, ikazimwa. Upepo ukavuja kidogo kidogo, na breki za mkono zilizofungwa zilikuwa chache mno. Garimoshi likashuka lenyewe mpaka mjini, likalipuka. Watu 47 walikufa.

Basi ndugu, ukipelekwa kusoma mashine mpya, au sheria mpya za kazi, uliza mambo matatu. Asemaye amejuaje? Jambo hili hutendekaje, hatua kwa hatua? Nalo ni kweli mpaka wapi? Usiogope kuchekwa. Aulizaye hamdharau mwalimu. Anataka kuishika kazi yake barabara. Hata makaratasi ya chama chetu yaulizeni hivyo hivyo kabla ya kuinua mikono mkutanoni.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: katika reli, kutouliza ni hatari.

Ndimi ndugu yenu,
Mwanachama, mtu wa Banissa