Kuziba ufa hakutoshi, Kyela itazame chini ya ukuta

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wilayani Kyela, kuanzia Busale hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, usemi huo umechukuliwa kama ulivyo. Nyufa zikijitokeza baada ya masika huzibwa kwa saruji, ukuta hupakwa rangi, na masika yanayofuata hufunguka palepale.

Ni ukweli usiopingika kwamba nyumba ya matofali ndiyo benki ya mkulima wa kakao na mpunga. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani, kisha ikashuka mwaka 2025. Fedha za msimu kama ule haziji kila mwaka. Zikiingia kwenye nyumba inayozama, mkulima amepoteza mtaji wa mashamba na ada za watoto.

Chanzo cha tatizo kiko ardhini. Zamani nyumba za Wanyakyusa zilijengwa kwa mianzi. Zilikuwa nyepesi na ziliweza kupinda bila kuvunjika. Nyumba ya matofali ya kuchoma ni nzito na haipindi. Lakini ardhi ni ileile: sehemu kubwa ya bonde la Kyela ni udongo ulioletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Udongo wa namna hiyo hubadilika ndani ya hatua chache. Kona moja inaweza kuwa mchanga, nyingine mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kona moja ikishuka kuliko nyingine, ukuta hupasuka.

Je, msingi uwe na kina gani? "Futi mbili" kila mahali si jibu. Nchini Uingereza, mwongozo wa NHBC hutaka angalau mita 0.75 kwenye mfinyanzi unaovimba kidogo na mita 1.0 kwenye unaovimba sana, na kina huongezwa zaidi palipo na miti karibu. Hivyo, kinachoamua kina ni udongo, wala si mazoea ya fundi. Mtaro uchimbwe hadi kwenye udongo mgumu usiosumbuliwa na mvua na jua.

Kwa nyumba iliyokwisha kusimama, dawa ni kuongeza kina cha msingi kutoka chini yake. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vya takriban mita moja, na vipande vilivyo jirani havichimbwi kwa wakati mmoja. Kila shimo hufikishwa kwenye udongo mgumu, humwagwa zege, kisha nafasi ndogo iliyobaki chini ya msingi wa zamani hushindiliwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga. Anayechimba ukuta mzima kwa siku moja anaiangusha nyumba, pengine juu ya vibarua wake. Ni kazi ya kiangazi, tena chini ya macho ya mhandisi.

Kabla ya hapo, maji ya paa na ya mlimani yaelekezwe mbali na ukuta. Pengine ufa hautaendelea tena, na gharama yote hiyo ikaepukwa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mita 10 kwa 8. Kuta zake za nje zina urefu wa mita 36. Kuongeza futi moja ya kina wakati wa kujenga, kwenye mtaro wa upana wa sentimita 60, ni takriban mita 6.5 tu za ujazo wa udongo. Kuiongeza futi hiyohiyo baadaye ni zaidi ya mashimo 30, kwa zamu, huku familia ikiishi juu yake.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mkulima apate ushauri wa bwana shamba kuhusu miche ya kakao, lakini asipate wa mhandisi kuhusu nyumba inayomeza mapato ya kakao hiyo? Halmashauri ingeweza kupeleka mhandisi wake vijijini kila kiangazi akague mashimo ya majaribio kabla ya ujenzi. Vyama vya ushirika navyo vingefanya vyema kutoa mikopo ya ujenzi kwa awamu, awamu ya pili ikisubiri msingi ukaguliwe.

Bati jipya huonekana na kila mpita njia, msingi hauonekani na yeyote. Hata hivyo, nyumba husimama kwa kile kisichoonekana.